Jinsi ya kusimulia habari ya Kaisari Romanos Diogenes watu wasikukimbie

Mara ya kwanza kuisimulia hii habari hapa steji yetu ya boda Walukuba nilianza kama niko mbele ya darasa, nikasema mwaka 1071 mwezi wa nane tarehe 26 kulikuwa na vita mahali panaitwa Manzikert, na kabla sijamaliza sentensi ya pili jamaa wawili walishapiga kiki pikipiki zao na mwingine akauliza Arsenal wanacheza saa ngapi. Nikabaki mimi na mama wa chapati, na yeye alibaki kwa sababu jiko ni lake. Sikulaumu mtu. Habari yenyewe ni tamu, mlango ndio nilikosea.

Tangu siku hiyo nimeisimulia labda mara kumi na tano, kwa steji, kwa matanga usiku watu wakiota moto, na mara moja kwenye taksi iliyotufia katikati ya Mabira tukakaa pale masaa matatu tunasubiri makanika. Siku hizi watu wenyewe ndio wananiita, "mwalimu hebu tuletee yule mzee wa macho", na mimi hata si mwalimu, nauza spea. Kwa hivyo kama na wewe ni mtu wa kusoma soma historia alafu ukitaka kuwapa wenzako inakushinda, sikia vile mimi nafanya.

Usianze na vita. Vita kila mtu ameshasikia, tena hapa kwetu ndio usiseme. Anza na mjane na karatasi.

Sema hivi: mwaka 1067 mfalme wa Constantinople anaitwa Constantine Doukas yuko kitandani anakufa, na watoto wake wa kiume wapo lakini hajaamini kama wataweza kushika nchi. Anamwita mke wake Eudokia, mbele ya patriaki, yaani mkuu wa kanisa, na wakubwa wa serikali, anamwambia uape, tena kwa maandishi, kwamba mimi nikienda wewe hutaolewa na mwanamume mwingine. Mama wa watu anaapa. Karatasi inapewa patriaki akae nayo. Hapo nyamaza kidogo, koroga chai yako. Utaona kina mama wanaangaliana. Manake hakuna mtu Uganda hii hajaona ukoo wa marehemu unavyokaa kikao juu ya mjane, nyumba ibaki kwa nani, shamba libaki kwa nani, na ole wake mwanamume mpya atakayeonekana anafungua lile geti asubuhi. Ukishawafikisha hapo huhitaji kueleza siasa za Bizanti, ule ufalme wa Constantinople, wameshaingia wenyewe.

Alafu mlete Romanos. Huyu ni mwanajeshi, mtu wa Kapadokia huko ndani Uturuki ya leo, nyumba yao ni ya watu wakubwa, kijana wa kuvutia mabega mapana, na wakati huo yuko kwa pingu. Ndiyo, kwa pingu. Alikamatwa kwa kesi ya kutaka kupindua serikali, na kesi ilikuwa ya kweli, hakusingiziwa. Analetwa mbele ya yule mjane ahukumiwe, na mjane anamwangalia, wanaandika kwamba machozi yalimtoka, na hukumu ikageuka. Akasamehewa. Tarehe 1 Januari 1068 wakafunga ndoa na Romanos akawa Kaisari, Romanos wa nne.

Sasa mtu lazima atauliza, na ile karatasi je? Usiwaambie haraka, subiri waulize. Patriaki John Xiphilinos ndiye alikuwa nayo, na wanasimulia kwamba mama alituma mtu amnong'oneze patriaki kuwa bwana anayetaka kumuoa ni ndugu yake yeye patriaki. Patriaki akaona kumbe kile kiapo kilikuwa cha dhuluma tu, cha mume mwenye wivu, nchi inahitaji mwanamume, akakifuta na kuwashawishi wakubwa wengine nao wakubali. Alafu bwana harusi akatokea ni Romanos. Hapa steji hucheka mpaka boda zinakaribia kuanguka, na wewe wape nafasi wacheke, kwa sababu mbele huko hakuna kicheko tena.

Kitu cha pili kinachoua hii habari ni majina. Wale watu walikuwa na majina marefu na wote ni Constantine ama Michael ama John, na ukiyataja yote kumi na mbili watu wanapotea. Mimi nachukua matano tu. Romanos. Eudokia. Alp Arslan, sultani wa Waturuki. Alafu kwa ule ukoo wa marehemu nawaita kwa undugu: kuna John Doukas, mdogo wake marehemu, huyo namwita Baba Mdogo, na kuna mtoto wake Andronikos. Hii inasaidia kuliko unavyofikiri, manake huyu John alikuwa na cheo ambacho kwao kinaitwa kaisari lakini si mfalme, ni cheo cha chini yake, na siku moja nilikitaja hivyo hivyo, watu wakadhani makaisari wako wawili, mabishano yakaanza tukapoteza nusu saa. Ukisema Baba Mdogo imeisha. Watoto wa marehemu, mkubwa wao akiitwa Michael, Baba Mdogo ndiye anawaangalia kwa jicho la karibu, na Andronikos kwa hesabu yetu ni ndugu yao kabisa, sio mambo ya kazini. Na wote wako ndani ya jumba moja na baba wa kambo.

Alafu ongeza hii: ndani ya miaka mitatu Eudokia akamzalia Romanos watoto wawili wa kiume. Usieleze kitu. Sema tu watoto wawili wa kiume alafu kunywa chai.

Mtu akikuuliza Bizanti ni kabila gani, na atauliza, mwambie ni jina ambalo wasomi waliwabandika baadaye sana, wenyewe walijiita Warumi na walizungumza Kigiriki, na mji wao Constantinople ndio Istanbul ya leo. Waislamu pale steji watakwambia wenyewe, aa, Rum, manake sura ya thelathini ya Kurani inaitwa Ar-Rum na ni hao hao, miaka mia nne na kitu kabla ya Romanos. Kukiwa na Mwothodoksi, na hapa Uganda wapo tangu kina Reuben Spartas walipoanzisha mwaka 1929, mwambie ibada anayosali pale Namungoona imetoka kwenye ule mji. Mimi nlikuwa na jirani wa hivyo, tangu nimwambie hilo anasimama upande wa Romanos kama vile ni timu.

Miaka ya 1068, 1069 na 1070 pita mbio. Kaisari alikuwa anakimbizana na wapanda farasi wa Kituruki, akifika huku wameshapora kule, akateka mji wa Hierapolis huko Syria huku nyuma wao wakaharibu Amorion katikati ya nchi yake. Kitu cha kusema ni kimoja tu, kwamba jeshi alilolikuta lilikuwa limechoka kabla hata ya yeye kuzaliwa kisiasa: wafalme waliotangulia waliona askari wa vijijini ni gharama wakawageuza walipa kodi, pesa ikaenda kwa wapiganaji wa kukodi, Wafaransa wa Normandia, Waskandinavia, Wauzi ambao ni ndugu wa Waturuki kwa lugha na sura, Waarmenia, kila mtu na kiongozi wake. Na dhahabu yenyewe ya serikali ilishaanza kuchanganywa na fedha. Hapo inatosha, usigeuke mchumi.

Sasa mwaka 1071, na hapa ndio unatoa vifaa. Mimi nabeba vizibo vya soda kama thelathini kwenye mfuko, na karanga za shilingi elfu, na sarafu moja ya mia tano. Kaisari ni ile sarafu, manake ni ya rangi ya dhahabu na ina korongo mwenye taji kichwani, hakuna kitu kingine mfukoni kinafaa hivyo. Jeshi lake ni vizibo, vyenye maandishi yaangalie juu. Waturuki ni karanga kwa sababu karanga zinaviringika, huwezi kuzishika. Sultani tumia kifuniko cha chupa ya maji. Usitumie kizibo cha bia kama nilivyofanya mimi ujinga, kulikuwa na mzee mmoja wa msikitini pale amekaa kimya, akakiangalia kile kizibo, akaniangalia mimi, akasema "mwanangu, sultani wa Kiislamu ndio umemfanyia hivyo?" Niliomba msamaha mbele ya steji nzima.

Weka beseni la maji ama hata kikombe, hilo ni Ziwa Van, mashariki kabisa ya Uturuki. Waambie si kama Nalubaale letu, yaani Ziwa Victoria, maji yake ni ya chumvi hayanyweki. Upande wa kaskazini wa ziwa weka kijiwe, huo ni mji wa Manzikert. Pembeni ya ziwa weka kingine, Khliat. Kutoka Constantinople mpaka hapo ni mbali kuliko Kampala mpaka Mombasa, na wametembea kwa miguu na farasi na mikokoteni tangu mwezi wa tatu. Wangapi? Watu wanapenda namba, lakini uwe mwangalifu, vitabu vya zamani vinakupa mpaka 200,000 na zaidi, wanahistoria wengi wa leo wanashuka mpaka kama 40,000, na mimi nasema elfu arobaini nikiona mtu ana shaka nasema na wewe ungeshaona jeshi likila hungeuliza.

Sasa gawa vizibo. Kaisari aliamini sultani yuko mbali, kwa hivyo akachukua sehemu kubwa ya jeshi, tena wale wazuri, akawatuma Khliat chini ya jenerali Joseph Tarchaneiotes, na yeye akabaki na waliobaki kwenda Manzikert. Kumbe Alp Arslan alikuwa Aleppo huko Syria akielekea Misri kupigana na Wafatimi, hata hii vita hakuitaka, aliposikia kaisari yuko huku akageuza kwa haraka mpaka wanasimulia wanyama wengi walimfia maji akivuka mto Frati. Manzikert yenyewe ilijisalimisha bila shida. Lakini wale wa Khliat waliposikia sultani amefika, waliondoka. Hawakupigana, hawakurudi kwa kaisari, waliondoka tu wakaenda zao Melitene. Chukua vile vizibo mbele ya watu uvitie mfukoni. Ile sauti ya vizibo vikiingia mfukoni inaeleza kuliko mdomo wangu.

Siku moja tukiwa hapo kulikuwa na afande mstaafu, mzee aliyekaa kambini Jinja miaka mingi, Kiswahili chake ni kile cha amri. Akainua kidole akasema "ngoja kijana. Amegawanya kikosi bila kujua adui iko wapi?" Nikamwambia ndiyo afande. Akatikisa kichwa akasema "endelea, lakini huyo ameshakufa."

Usiku wa kabla ya vita karanga zinazunguka kambi zikipiga kelele na kurusha mishale, na Wauzi kadhaa wa kaisari wanahamia upande wa pili, chukua vizibo viwili vitatu uvisogeze kwenye karanga. Kisha wanakuja wajumbe wa sultani kutaka suluhu. Kaisari akakataa. Hapa watu watamwita mjinga na wewe mtetee kidogo, mimi namtetea: pesa ya kukusanya jeshi kama lile haingepatikana tena, na nyumbani kuna Baba Mdogo ambaye yeye mwenyewe alimfukuza mjini akakae kwenye mashamba yake, sasa unarudi na nini, unarudi na barua ya amani kutoka kwa mtu ambaye kesho wapiganaji wake wataingia tena? Alihitaji ushindi wa kuonyesha watu. Alikuwa na sababu.

Ijumaa tarehe 26 Agosti. Wanahistoria wa Kiislamu wanasimulia kwamba sultani alivaa nguo nyeupe, akasema nikiuawa hii ndiyo sanda yangu. Mwambie yule mzee wa msikitini ndiye aiseme hii sehemu kama yupo, ataisema vizuri kuliko wewe.

Panga vizibo mstari, sarafu katikati, na nyuma kabisa panga mstari wa pili, hicho ndicho kikosi cha nyuma, kazi yake ni kulinda mgongo wa wenzake. Anayekiongoza ni Andronikos, mtoto wa Baba Mdogo. Taja hilo jina polepole. Afande siku hiyo alikaribia kusimama, akasema "mtu ambaye unamwogopa unamweka mbele yako, huko nyuma unaweka ndugu yako." Wanasema kaisari alimchukua safarini makusudi, ili awe kama rehani, baba yake asifanye ujinga. Wazo si baya. Mahali pa kumweka ndio palikuwa pabaya.

Sogeza vizibo mbele, na karanga zirudi nyuma kwa mwezi mchanga, katikati zinakimbia lakini pembeni zinabaki zikirusha mishale. Siku nzima hivyo. Wanasonga, adui hashikiki, jua la Agosti, maji hamna. Jioni wamefika mpaka kambi ya sultani na ni tupu. Na kambi yao wenyewe iko nyuma mbali, haina walinzi wa kutosha, usiku unaingia. Kaisari akaamua tugeuke turudi. Ishara ya kugeuka ilikuwa ni kugeuza bendera.

Sasa geuza kizibo kimoja cha katikati, maandishi yaangalie chini. Alafu kinachofuata. Alafu kinachofuata. Taratibu. Walio katikati wanaelewa ni kurudi tu, lakini walio pembeni, kwenye vumbi na giza linaingia, wanaona bendera zimegeuzwa wanadhani kaisari ameanguka. Na hapo ndipo Andronikos badala ya kushikilia mgongo alitangaza kwamba kaisari amekufa, akachukua kikosi chake akaondoka kurudi kambini. Aliyeandika hivyo ni Attaleiates, hakimu wa jeshi, na alikuwa pale pale Manzikert kwa macho yake. Wengine wanasema labda ilikuwa ni mkanganyiko tu wa jioni. Mimi simuamini Andronikos hata kidogo na nitakwambia kwa nini tukifika mbele.

Toa mstari wa nyuma wote kwa mkono mmoja. Karanga zifunge. Sarafu imebaki na vizibo vichache. Farasi wake aliuawa, mkono ukaumizwa, akapigana kwa miguu mpaka akashindwa kushika upanga, na aliyemkamata ni askari mtumwa. Kuna kisa kwamba huyo mtumwa wakati wa ukaguzi alionekana hafai kabisa, dhaifu, karibu wamuache, mkubwa mmoja akatania akasema mwacheni, huenda ndiye atatuletea mfalme wa Rum. Kama ni kweli ama si kweli shauri lao, steji inakipenda.

Asubuhi anapelekwa kwa sultani, amejaa vumbi na damu, na sultani haamini kama huyu ndiye. Wakamleta Basilakes, jenerali wa kaisari aliyekamatwa kabla, alipomuona akaanguka miguuni pake analia. Hapo sultani akajua. Wanasimulia alimwekea mguu shingoni kama desturi, alafu akamwinua akamkalisha. Akamuuliza: kama ningeletwa mimi kwako nimefungwa, ungenifanya nini?

Simama hapo. Usijibu. Waulize watu, wewe ungejibuje? Hii ndio sehemu tamu kuliko zote na mara nyingi inakula dakika ishirini. Kuna jamaa anasema ningedanganya, ningesema ningekukaribisha chakula. Mama wa chapati alisema ningelia tu. Afande alisema "jina, namba, cheo, basi." Wakishachoka ndio unawapa jibu la Romanos: labda ningekuua, ama ningekutembeza mitaani Constantinople watu wakuone. Na sultani akamwambia, adhabu yangu ni nzito kuliko hiyo. Nimekusamehe, nenda.

Kisha bei. Wanasema sultani alianza na dhahabu 10,000,000, kaisari akasema nchi haina hiyo, wakashushana kama sokoni Owino mpaka 1,500,000 na kila mwaka 360,000, pamoja na miji kadhaa ikiwemo Antioch, Edessa na Manzikert yenyewe. Wakala meza moja siku kama nane, akapewa nguo na walinzi, akaachiwa. Alp Arslan jina lake maana yake ni simba shujaa, na mimi sioni kwa nini tusiseme kwamba siku hiyo alikuwa na roho kuliko ndugu wote wa Constantinople.

Hapa ndio watu wengi wanamaliza, na hapa ndio wanakosea. Wanasema basi Manzikert iliua Bizanti, Waturuki wakachukua nchi. Hapana. Ukihesabu vizibo mfukoni mwako utaona jeshi kubwa bado lipo, wale wa Khliat hawakuguswa, Andronikos amerudi na watu wake wazima, kaisari yuko hai na ana mkataba. Iliyoiua nchi ni ile iliyofuata, na ilifanyika nyumbani. Kama unataka hii habari ikae kwa watu, sukuma nguvu zako hapa.

Habari zilifika Constantinople kwanza kwamba kaisari amekufa, alafu amekamatwa, alafu ikaja barua kwa mkono wake kwamba niko huru narudi. Fikiria ile nyumba. Baba Mdogo ameshaitwa mjini. Kuna msomi mmoja mkubwa, Michael Psellos, mwalimu wa yule kijana Michael, kalamu yake kali kuliko upanga, naye hampendi Romanos tangu zamani. Wakaamua mtu akirudi asipokelewe. Michael akatangazwa mfalme peke yake mwezi wa kumi 1071, Eudokia akanyolewa nywele akapelekwa kwenye nyumba ya watawa. Mjane ametolewa nyumbani. Kina mama watasema "si tulisema."

Romanos akakusanya aliowapata, na hata dhahabu aliyoweza kuipata akamtumia sultani kama alivyoahidi, mtu anatafutwa na ndugu na bado analipa deni. Akashindwa Dokeia, akakimbilia Kilikia, akazingirwa Adana. Na aliyekuja kumzingira, sasa jamani, ni nani? Andronikos. Yule yule wa kikosi cha nyuma. Ndio sababu simuamini. Kuendesha vita dhidi ya Waturuki kulimshinda, kuendesha vita dhidi ya mume wa mama yao hakukumshinda.

Akajisalimisha kwa sharti, avue ufalme awe mtawa, asiguswe mwili. Maaskofu watatu wakasimama dhamana. Akavaa nguo nyeusi, akapandishwa punda, njia nzima watu wanamuangalia. Walipofika Kotyaion ikaja amri kutoka mjini: atobolewe macho. Wale maaskofu wakapiga kelele, haikusaidia. Tarehe 29 Juni 1072. Kazi ikapewa mtu asiyeijua, akarudia mara kadhaa, na vidonda havikutibiwa vikaoza. Kama kuna watoto, ishia kwenye "wakamtoa macho" usiendelee, mimi niliwahi kuendelea na mzazi mmoja akanifuata mpaka dukani kesho yake. Kama ni watu wazima, waambie na ile barua, manake inawakasirisha kuliko macho yenyewe: Psellos akamwandikia kipofu huyo anayekufa kumpongeza, kwamba amebarikiwa, Mungu amemwona anastahili nuru iliyo juu kuliko hii. Steji yetu siku hiyo ilimtukana Psellos kwa lugha nne.

Akafia kisiwa cha Prote mwezi wa nane, mwaka mmoja tu baada ya Manzikert. Eudokia akaruhusiwa kumzika, akamzika kwa heshima. Alp Arslan naye akauawa mwaka huo huo wa 1072 huko mbali mashariki, kwa kisu cha mfungwa. Kwa hivyo wale wawili waliopeana mkono wote hawapo, mkataba hauna mwenyewe, na Waturuki wakaingia ndani ya nchi bila mtu wa kuwazuia kwa sababu majenerali walikuwa wanapigania kiti.

Watakuuliza, na huyo mtoto Michael je, alitawala vizuri? Hapo mgeukie yeyote anayeuza unga. Mwambie wakati wa Michael ngano ilipanda mpaka dhahabu moja ikanunua kipimo kilichopungua robo, watu wakampa jina Parapinakes, yaani bwana robo pungufu. Aliangushwa mwaka 1078. Wenye maduka ya posho hucheka kwa aibu, wanajua mizani zao. Na wakitaka kujua kama Andronikos aliadhibiwa, jibu ni hapana, binti yake Irene akaolewa na Alexios Komnenos ambaye mwaka 1081 akawa mfalme, kwa hivyo ule ukoo ulirudi jumbani kwa mlango wa harusi. Kutakuwa na kelele. Acha wapige.

Inachukua kama saa moja na nusu ukienda polepole, kwa hivyo usianze jioni wakati abiria wanatoka kazini, anza saa mbili usiku steji ikitulia ama siku umeme umekatika na simu zimeisha chaji. Karanga zitaliwa na hakuna namna, nunua za ziada, mimi nimewahi kufika kwenye mwezi mchanga nikakuta jeshi lote la sultani liko mdomoni kwa kijana mmoja. Vizibo uvihesabu kabla ya kuinuka. Na sarafu irudishe mfukoni mapema, usiiache pale chini na watu wanabishana, manake kaisari wangu mara mbili ameshapotea hivyo, na mara ya pili nilimuona kwa macho yangu akiwekwa kwenye kopo la mama wa chapati.